Maji Kwanza, Moto Baadaye

Mitungi ya gesi hupanda Lushoto imejaa na hushuka mitupu. Kaa Mombo saa moja tu, pale njia ya milimani inapoachana na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, utaiona ikipita: midogo ya kilo 6 imefungwa kamba juu ya Kosta, ya kilo 15 imesimamishwa nyuma ya pikapu, mwingine umepakatwa na abiria wa bodaboda. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na katika kipande hicho kifupi barabara hupanda karibu mita 1,000. Unaacha joto na mkonge, unapita Soni penye maporomoko ya maji, na kabla hujafika mjini umeshatafuta sweta. Nilipanda mwezi wa Julai, baridi ikiwa imekaza, nikifuatilia mitungi ambayo haishuki tena.

Ipo mingi. Mtungi huliwa na kutu kitakoni, pete yake ya kusimamia huchakaa, valvu huanza kuvuja, na siku ukipelekwa kubadilishwa muuzaji anaukataa. Hukaa nyuma ya jiko miezi kadhaa, watoto wakiukalia. Kisha hupita mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake, na kutoka kwake mtungi hufika kwa fundi wa kuchomelea, ambaye huuona kwa jicho jingine kabisa: duara lililokamilika, chuma cha unene wa karibu milimita 3, kisicho na kona. Hapo ndipo hatari inapoanza, na ndipo palipo na ufundi ninaotaka kuusimulia.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Naunga mkono lengo hilo kwa moyo wote. Aliyewahi kutembea ndani ya msitu wa Magamba, juu kidogo ya Lushoto, akaona vyanzo vya maji vinavyotoka chini ya miti ile, hahitaji kushawishiwa kwamba kuni na mkaa lazima vipungue. Lakini kila mtungi unaopanda leo una siku yake ya kufa, na sijasikia mtu akizungumzia maziko yake.

Karakana niliyoitafuta iko chini ya usawa wa barabara, kama zilivyo karakana nyingi za mji huu. Lushoto haina ardhi tambarare ya kutosha. Mtu akitaka kujenga huchimba ubavu wa mlima, akapata kiwanja chembamba chenye ukuta wa udongo nyuma na bonde mbele. Mageti yaliyopakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu yalikuwa yameegemezwa kwenye ukuta huo, pamoja na fremu za madirisha, machepe, na majiko ya mkaa. Kando ya mlango kulikuwa na pipa la maji na ndoo ya sabuni ya unga. Nilidhani ni vya kunawia mikono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja na kazi au umekuja na maswali?"

Nikamwambia nimekuja na maswali. Akaniambia nikae, lakini si pale nilipokuwa nimesimama. Akanionyesha benchi upande wa juu, karibu na ngazi za kupandia barabarani. Chini, kwenye ukingo wa bonde, palikuwa na mitungi mitatu imesimama wima, valvu zake zimefunguliwa. Nilikuwa nimesimama upande wa chini yake.

Mzee huyu hajasoma kemia, ila anajua jambo ambalo wengi wenye vyeti hulisahau: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Gesi hii ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipai. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajaza shimo, na katika nchi ya miteremko kama Usambara hutiririka kufuata ardhi kama maji ya mfereji, ikapita chini ya mlango wa jirani ambaye hajui lolote. Ndiyo maana mzee hufungulia mitungi yake ukingoni, upande ambao bonde liko wazi na hakuna nyumba wala jiko chini yake kwa umbali mrefu, na hufanya hivyo siku yenye upepo. Siku ukungu umetulia hafungui kitu. Kiwanja chake chenye ukuta nyuma, pazuri hivyo pa kujikinga na baridi, kwa gesi ni beseni.

Alinieleza pia jambo ambalo sikulijua na ambalo ni la milimani hasa. Mtungi unaweza kuonekana mtupu asubuhi, mchana ukawa na gesi. Akina mama wa Lushoto wanalifahamu hili bila kulitafutia sababu: alfajiri ya Julai moto unafifia, chai haichemki, mtu anaamini gesi imekwisha, saa saba mchana mtungi uleule unawaka. Sababu iko kwenye ule mchanganyiko. Ndani ya mtungi gesi imo kama kimiminika, na ili itoke lazima kwanza ichemke. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi ya Lushoto haiisumbui hata kidogo. Butani huchemka karibu na nyuzi sifuri. Kadiri unavyopika, propani ndiyo inayotangulia kutoka, butani inabaki nyuma. Na kila kinachochemka hunyonya joto, hivyo kimiminika kilichobaki hupoa zaidi, hadi kinakaribia kuacha kuchemka. Mtungi unanyamaza. Ukiupapasa ubavuni utakuta umande au mstari wa baridi kali, na mstari huo ndio usawa wa kilichomo.

Sasa mchukue fundi kijana. Amenunua mtungi kwa mnunuzi wa chuma chakavu asubuhi ya baridi. Anafungua valvu, unatoa sauti kidogo, unanyamaza. Anautikisa, hasikii kitu. Anawasha grainda.

"Mtupu ni neno la muuzaji," mzee alisema. "Fundi hana mtungi mtupu. Ana mtungi uliooshwa na mtungi ambao haujaoshwa."

Nilikaa baadaye na kalamu nikapiga hesabu yake, na hesabu inamuunga mkono kuliko hata alivyodhani. Mtungi wa kilo 6 una nafasi ya lita 14 hivi ndani. Gesi hii hushika moto ikiwa kati ya asilimia 2 na 9 ya hewa iliyochanganyika nayo. Ikizidi hapo hewa haitoshi kuiwasha, ikipungua gesi haitoshi. Mtungi uliojaa gesi tupu, kwa hiyo, si ndio wa kuogopwa zaidi na anayeukata. Wa kuogopwa ni ule uliokaribia kuisha na ukaingiza hewa. Asilimia 2 ya lita 14 ni chini ya theluthi moja ya lita ya gesi, na gesi kiasi hicho hutoka kwenye kimiminika kisichofika hata nusu ya kijiko cha chai. Kiasi kidogo hivyo kikiwa kimejificha ndani ya magamba ya kutu na utelezi wa mafuta unaoachwa na gesi kitakoni mwa mtungi, cheche moja ya grainda inatosha.

Na pua haitoshi kuwa shahidi. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Ile harufu ya kitu kilichooza huongezwa kiwandani ili uvujaji ugundulike. Kutu mpya ndani ya mtungi mkuukuu inaweza kuila harufu hiyo, gesi ikabaki bila alama. Harufu ikiwepo, kuna gesi. Isipokuwepo, bado hujajua kitu.

Basi nieleze kazi yenyewe nilivyoiona.

Swali la kwanza la mzee kwa anayemletea mtungi si la ufundi. Humuuliza ameutoa wapi. Mtungi wenye jina la kampuni na ambao bado ni mzima ni wa kurudishwa kwa muuzaji, ubadilishwe na ujazwe tena. Kuukata ni kuharibu chombo kinachohitajika jikoni, na pengine ni kushiriki wizi. Hupokea tu uliokataliwa, uliotoboka kwa kutu, au uliopondeka. Huu nao, akimpata wakala aliye tayari kuuchukua, huurudisha. Wakala wa aina hiyo ni adimu.

Baada ya kufunguliwa ukingoni, ukiwa wima, mtungi huachwa wazi siku kadhaa ushinde juani. Kamwe haulazwi wala kupinduliwa ili "umwagike", kwa sababu kinachomwagika ni kimiminika, na kimiminika kikifika hewani hufumuka karibu mara 250 ya ujazo wake. Kisha unafungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, na valvu inatolewa kwa spana ya bomba yenye mpini mrefu, polepole, mtu akisimama pembeni na si juu ya mdomo wa mtungi, msaidizi akimwagia maji pale spana inapong'ata. Hakuna nyundo. Hakuna kupasha moto ili uzi ulegee. Valvu ikikataa, mtungi unarudi ukingoni na kazi imeishia hapo.

Ikikubali, yanafuata maji. Mtungi hujazwa kupitia tundu la valvu mpaka maji yafurike, kwa maana maji yakiingia kote hewa na gesi havina pa kukaa. Hulala hivyo usiku kucha. Asubuhi maji humwagwa, mtungi ukatiwa maji ya moto na sabuni ya unga pamoja na kokoto za mtoni, ukatikiswa na vijana wawili mpaka kokoto zimekwangua kutu na mafuta. Maji yanayotoka ni meusi na yananuka. Hurudiwa. Hurudiwa tena. Niliwatazama vijana wale wakihangaika na kokoto na nikaelewa kwa nini karakana nyingine huruka hatua hii: hailipwi. Mteja halipii kuoshwa kwa chuma, analipia jiko.

Ukataji wenyewe ulinishangaza. Nilitegemea grainda, kwa kuwa ilikuwepo, imening'inia ukutani. Wakaleta msumeno wa chuma wa mkono. Mtungi ulijazwa maji tena hadi chini kidogo ya mstari uliochorwa kwa chaki, tundu la valvu likaachwa wazi, na kijana mmoja akaanza kukata, taratibu, akipokezana na mwenzake. Mzee hataki umeme karibu na maji, na hataki cheche kwenye mtungi kabla haujafunguka uonekane ndani. Ukishagawanyika vipande viwili, ukatazamika wote kwa macho, ukakwanguliwa na kukaushwa, hapo grainda na mashine ya kuchomelea huruhusiwa. Mitungi midogo hutengenezwa kwa mabakuli mawili ya chuma yaliyounganishwa katikati, na ndani ya mshono huo chuma hupandiana. Kwa hiyo hukata pembeni ya mshono, si juu yake. Msumeno unakwenda, na ukingo unatoka safi.

Rangi hutolewa kwa msasa, nje, mtu amejifunga kitambaa puani. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi ndani yake, na kuzichoma ni kuvuta sumu. Burudani ya kutazama rangi ikibabuka kwa moto mzee ameikataza kabisa.

Kutoka kwenye nusu ya chini hutoka jiko zuri la kuchomea nyama, zito, lisilopinda kwa joto kama yale ya bati. Nusu ya juu ndiyo iliyonivutia. Ina tundu la valvu kileleni tayari, limezungukwa na chuma kinene. Pitisha bolti hapo, ining'inize, uigonge kwa kipande cha nondo: inalia sauti ndefu iliyo safi. Shule nyingi za nchi yetu hugonga ringi ya gari iliyotundikwa mtini, na ringi hutoa mlio mfupi, mkavu. Kengele ya mtungi husikika ng'ambo ya bonde. Mzee huipunguza urefu kidogo kidogo kwa grainda akiisikiliza, kwa kuwa kadiri inavyofupishwa ndivyo sauti inavyopanda, na ukipitiliza huwezi kurudi. Huko Michigan, Marekani, mtu aitwaye Dennis Havlena mwaka 2007 alikata ndimi kwenye mtungi wa namna hii akapata ngoma ya chuma yenye noti kamili, na leo ala hiyo hupigwa sehemu nyingi duniani. Nilimweleza mzee. Alifikiri muda mrefu, akauliza ndimi zilikatwa upande wa kitako au wa valvu. Kitako, nikamjibu. Akatikisa kichwa kukubali: huko chuma hakina tundu, mlio hautoroki.

Kesho yake nilipanda gari la kaskazini, kupitia Magamba na Lukozi, ambako malori ya kabichi, karoti na viazi huanza safari ya kwenda Dar es Salaam, kisha nikaenda Mlalo. Huko nilielekezwa kwa mhunzi anayefua mundu, majembe na visu. Tanuru lake lilikuwa nusu ya mtungi wa kilo 15, limekaa juu ya miguu ya nondo, na bomba limeingizwa ubavuni kutoka kwenye feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Babu yake alitumia mvukuto wa ngozi. Yeye ana kijana wa kuzungusha pedali.

Chuma cha mtungi hakiwezi kukutana na moto wa mhunzi uso kwa uso. Kazi ya kufua huhitaji joto la nyuzi 1,000 na zaidi, na kwa joto hilo chuma chembamba huanza kubabuka magamba na kuungua. Kwa hiyo amelipaka tanuru lake ndani udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga na majivu, unene wa vidole vitatu, ukakaushwa kivulini kwa subira. Ukiharakishwa juani hupasuka, na ukiwashwa kabla haujakauka maji yaliyomo huwa mvuke na kurusha vipande. Mafundi wa mijini wanaojenga matanuru ya gesi hutumia sufu ya kauri badala ya udongo. Inashika joto vizuri sana, ila vumbi lake huharibu mapafu na lazima sufu yenyewe ipakwe kitu juu na kuzibwa. Udongo wa Mlalo haudai hayo. Moshi wa mkaa, hata hivyo, ndio uleule kila mahali: banda lake halina kuta pande mbili, na hilo ni kwa makusudi, maana kaboni monoksidi haina rangi wala harufu na humlaza mtu bila kumwamsha.

Nilimuuliza kama anaweza kufua mundu kutokana na mtungi wenyewe. Akaokota kipande cha mtungi na kipande cha springi ya gari, akavitia motoni pamoja, akavizamisha kwenye mafuta, kisha akanipa tupa nikwangue. Kwenye springi tupa iliteleza kama inayokwaruza kioo. Kwenye mtungi iling'ata. Chuma cha mtungi kina kaboni kidogo. Kimetengenezwa ili kikubali kukunjwa na kivimbe kabla ya kupasuka, wala hakigumuki kwa kuzamishwa. Kinafaa kubeba moto. Makali hutoka kwenye springi, na hayo nayo hupashwa tena kidogo mpaka rangi ya zambarau na buluu ipite juu ya chuma, karibu nyuzi 300, ndipo mundu usivunjike ukigonga jiwe.

Kutoka Mlalo nilifika Mtae, kijiji kilichokaa juu ya genge, upande wa pili ukiwa hewa tupu hadi mbuga ya Mkomazi. Ng'ambo ile yanaonekana milima ya Upare, na siku ikiwa safi Kilimanjaro. Nilikuwa na sababu ya kutazama Upare. Huko Ugweno, Upare ya Kaskazini, waliishi Washana, ukoo wa wahunzi waliotawala kabla Wasuya hawajawapindua, na habari yao aliiandika Isaria Kimambo katika historia yake ya Wapare iliyotoka mwaka 1969. Wapare waliyeyusha chuma kutokana na mchanga mweusi uliokusanywa vijitoni, na chuma chao kiliuzwa hadi kwa Wachaga. Milima hii miwili inatazamana, na mtu wa Usambara aliyeshika mkuki alijua thamani ya mhunzi. Hata Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu ambaye habari zake zimo katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, alifika kwenye nchi hii na mikuki na mbwa kabla ya kuwa mfalme wa Vuga. Reli ya Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, chuma kilianza kuja kwa tani. Baadaye zikaja springi za malori, mapipa, ringi. Sasa mitungi.

Kila chuma kati ya hivyo kilikuja na mambo yake ya kujifunza. Tofauti ya mtungi ni kwamba somo lake halitoi nafasi ya kurudia. Mhunzi aliyekosea kuzamisha springi hupata tu kisu kilichovunjika.

Niliporudi Lushoto nilimuuliza mzee kazi anazozikataa, na hapa aliongea kwa ukali kuliko wakati wowote. Hageuzi mtungi uliokatwa kuwa tangi la kompresa, kwa sababu mtungi hupimwa kiwandani kwa presha ya baa 30 hivi, na ukishachomelewa na mkono wa karakana kipimo hicho hakipo tena. Hatengenezi mtungi wa kabaidi. Mafundi wa magari wa zamani walizalisha asetilini kwa kudondosha maji kwenye kabaidi ndani ya chombo chochote, na wengine bado wanafanya. Asetilini ikizidi presha ya baa moja hivi inaweza kujivunja yenyewe na kulipuka bila hata hewa, na ikigusa shaba tupu hutengeneza kitu kinacholipuka kwa kuguswa. Wala hagusi mtungi wa asetilini wa kiwandani, hata uwe umetelekezwa miaka mingapi. Ndani yake hamna uwazi. Umejaa kitu chenye vinyweleo kilicholoweshwa asetoni, na ile ya zamani ina asbesto. Maji na sabuni havisaidii hapo.

Kwa anayetaka tanuru tu, bila ya hatari yote hii, ana jibu jepesi: nunua tangi la upepo wa breki za lori. Umbo ni lilelile, chuma kinatosha, na lilichowahi kubeba ni hewa na mafuta kidogo ya kompresa. Lioshe, likate. Ninaona hili ndilo lingefundishwa kwanza katika vyuo vya ufundi vya VETA, na kwenye karakana za viwanda vidogo zinazolelewa na SIDO, kabla ya mtungi kutajwa.

Nina jingine la kusema kwa kampuni za gesi. Mtungi mbovu uwe na bei ya kurudishwa, hata ndogo, inayoizidi ile ya chuma chakavu, na bei hiyo ilipwe Mlalo, Bumbuli na Mtae, si Tanga mjini. Mwenye mtungi uliotoboka ataupeleka huko mwenyewe siku ileile anayofuata mwingine. Kuwaachia vijana wenye misumeno mzigo wa kiwanda kizima ni dhuluma, hata wakiwa hodari kama hawa.

Siku ya kuondoka nilipita karakanani kuaga. Mwalimu wa shule moja ya msingi alikuwa amefika kuchukua kengele. Mtungi wake ulikuwa umeoshwa, umeachwa juani tangu asubuhi, mstari wa chaki umeshachorwa. Mzee aliinama, akaweka pua kwenye tundu, akainuka, akamwita kijana naye anuse. Kijana akasema, "Bado, mzee." Joto la mchana lilikuwa limetoa kilichojificha kwenye kutu.

"Mwalimu," mzee akasema, "kengele yako Jumatatu."

Mwalimu akalalamika kwamba muhula umeanza, watoto wanaitwa kwa filimbi. Mzee akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwambia kijana alete kokoto na maji ya moto.